Nilitolewa kidole tumbo mwaka wa 2012. Je, nilijipandia saratani ya utumbo?

Mpendwa Daktari,

Pokea salamu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 44, na riziki yangu ni kuuza nguo za watoto Gikomba. Mwaka wa 2012, nikiwa na miaka 31, nilishikwa na maumivu yaliyoanzia kwenye kitovu jioni, na kufikia alfajiri yalikuwa yamehamia chini upande wa kulia, nikawa siwezi hata kuunyoosha mguu. Nilipasuliwa siku hiyohiyo. Daktari aliyenipasua alimwambia mume wangu kwamba kidole tumbo kilikuwa kimeanza kuoza, na kwamba tungengoja hadi usiku kingepasuka. Nilipona vizuri, nikabaki na kovu lenye urefu wa kidole changu cha shahada, na kusema kweli nilikuwa nimelisahau.

Wiki tatu zilizopita, katika kundi la WhatsApp la chama chetu, mwenzetu mmoja alituma sauti ya mtu akieleza kwamba wataalamu wamegundua kuwa aliyetolewa apendiksi, yaani kidole tumbo, ana asilimia 73 ya kupata saratani ya utumbo, kwa sababu bakteria wazuri wamebomolewa nyumba yao na wabaya wamejitwalia kiwanja. Mwisho wa sauti hiyo alitangaza unga wa kurudisha bakteria, kopo la mwezi mmoja kwa shilingi 4,500, akisema aliyepasuliwa anapaswa kuutumia maisha yake yote. Nimekwisha kununua kopo moja. Tangu nianze kuunywa tumbo linajaa gesi, lakini muuzaji ananiambia hiyo ni ishara kwamba bakteria wabaya wanakufa.

Silali vizuri, Daktari. Babangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52, ingawa yeye hakuwahi kupasuliwa tumbo, kwa hiyo sidhani kwamba yake inahusiana na jambo langu. Mimi mwenyewe sina tatizo kubwa isipokuwa bawasiri niliyoipata nilipomzaa kitinda mimba, ambayo huniachia damu kidogo kwenye karatasi ya chooni mara kwa mara. Siku hizi pia nachoka upesi nikipanda ngazi hadi orofa ya nne tunakoishi, nami nimeona ni umri na kukosa usingizi.

Naomba unijibu: je, upasuaji ule ulinipandia saratani? Niendelee na unga huu? Na huyu kitinda mimba wangu, ambaye sasa ana miaka 12, akishikwa na ugonjwa kama wangu siku moja, nikatae asipasuliwe?

Mwenye Wasiwasi, Umoja

Dada yangu wa Umoja,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili jicho langu liliteleza juu ya kovu lako na kukwama kwenye sentensi chache za karibu na mwisho, ambazo umeziandika kama mtu anayetaja hali ya anga: babako alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52, wewe unaona damu chooni, na unaishiwa na pumzi kwenye ngazi. Hayo nitayarudia, na nakuomba usiyaweke haya majibu kando kabla hujafika hapo. Ila swali ulilouliza ni halali na limekunyima usingizi, kwa hiyo tuanze nalo.

Aliyerekodi sauti ile hakuitunga habari yote kichwani mwake. Utafiti upo, na ulichapishwa mwaka wa 2023 katika jarida la Oncogene. Watafiti wa Hong Kong walifuatilia kumbukumbu za watu wazima 129,155, wakaona kwamba waliowahi kutolewa kidole tumbo walipata saratani ya utumbo mpana na puru kwa kiwango kilichowazidi wenzao kwa asilimia 73. Hawakuishia hapo. Walichukua choo cha watu 314, nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji huo na nusu hawajafanyiwa, wakazisoma chembe za urithi za bakteria waliomo, na kwa waliopasuliwa wakakuta aina 7 za bakteria wanaohusishwa na saratani zimeongezeka huku aina 5 za wale wenye manufaa zikiwa zimepungua. Katikati ya kundi la walioongezeka alikuwapo bakteria aitwaye Bacteroides fragilis, ambaye baadhi ya jamii zake hutoa sumu inayouchokoza ukuta wa utumbo. Jaribio la panya nalo lilielekea upande huohuo, ijapokuwa panya wa maabara hana kidole tumbo kilichojitenga kama chetu, na kwa sababu hiyo mimi huyapokea matokeo ya panya kwa mkono mmoja.

Sasa tazama jinsi muuzaji wako alivyoigeuza nambari. Wewe ni mfanyabiashara, hesabu hii utaielewa kuliko wengi. Gauni la shilingi 100 likipanda bei kwa asilimia 73, utaliuza shilingi 173. Hakuna mteja wa Gikomba atakayekubali kwamba gauni hilo sasa limefika shilingi 7,300. Ndivyo ilivyo kwa hatari ya ugonjwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba katika watu 1,000 ambao hawakupasuliwa, 10 watapata saratani hii katika kipindi fulani. Ongezeko la asilimia 73 litawafanya wawe 17 na kitu katika watu 1,000 waliopasuliwa, na wale 980 na zaidi waliosalia hawataipata. Yeye aliisoma asilimia ya nyongeza kana kwamba ni asilimia ya watakaougua, na sitashangaa kama alijua anachofanya, kwa sababu hofu ya watu 17 haiuzi makopo mengi.

Je, hata nyongeza hiyo inatokana na upasuaji wenyewe? Wanaosema ndiyo wana hoja yenye uzito. Kwa muda mrefu kidole tumbo kilihesabiwa kuwa mabaki yasiyo na kazi, na Charles Darwin mwenyewe alikiweka katika kundi hilo mwaka wa 1871. Mwaka wa 2007, Randal Bollinger, William Parker na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipendekeza jambo tofauti. Kidole tumbo ni mfuko mwembamba uliozibwa upande mmoja, unaoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, mahali ambapo mkondo wa chakula hupita nje yake bila kuusafisha. Mtu akiharisha vibaya, utumbo huoshwa na bakteria wengi huondoka na maji, lakini waliojificha mle ndani hubaki, kisha hutoka na kuujaza utumbo upya, kama mbegu za akiba ambazo mkulima huzificha juu ya dari la jikoni. Kuta za kidole tumbo pia zimejaa tishu za kinga ya mwili. Kwa hiyo si ajabu kwamba kukiondoa kunaweza kubadilisha kidogo mchanganyiko wa wakazi wa utumbo.

Hata hivyo tafiti hazisemi kwa sauti moja. Utafiti uliofanywa Taiwan na kuchapishwa mwaka wa 2015 ulipata ongezeko la asilimia 14 tu, na tafiti nyingine za Ulaya na Marekani hazikuona ongezeko la muda mrefu. Kuna pia mtego ambao kila mtafiti wa jambo hili lazima auruke. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, uvimbe wa saratani ulioota mwanzoni mwa utumbo mpana unaweza kuziba mlango wa kidole tumbo na kukifanya kiwake. Mgonjwa hupasuliwa kwa ajili ya apendiksi, kisha baada ya miezi kadhaa saratani inagunduliwa, na kwenye karatasi inaonekana kana kwamba upasuaji ndio uliotangulia kuileta, ilhali saratani ndiyo iliyotangulia. Hii ndiyo sababu madaktari wengi humshauri mgonjwa wa umri huo achunguzwe utumbo mpana baada ya kupona. Wewe ulikuwa na miaka 31 na miaka 13 imepita, kwa hiyo mtego huu haukuhusu, lakini unahusu baadhi ya wale waliohesabiwa.

Mtego wa pili umenishughulisha zaidi, pengine kwa sababu ulianzia jirani na kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940, aliona kwamba wagonjwa wa apendiksi walikuwa adimu katika hospitali za vijijini Afrika, na wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana vilevile, wakati magonjwa yote mawili yalikuwa ya kawaida Uingereza na Marekani. Mwaka wa 1971 aliandika kwamba chanzo cha pamoja huenda ni chakula kilichokobolewa na kuondolewa nyuzinyuzi. Ikiwa ni hivyo hata kwa sehemu tu, basi watu wawili hawa, mwenye apendiksi na mwenye saratani, hukutana kwa sababu walikula mezani pamoja, na kisu cha daktari hakihusiki. Si kila alichodai Burkitt kimethibitishwa, lakini jambo lake la msingi kuhusu nyuzinyuzi limesimama vyema.

Mwaka wa 2015 watafiti walichapisha jaribio ambalo hupenda kuwasimulia wagonjwa wangu. Waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa mashambani KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki 2. Wamarekani walipewa maharagwe, mahindi na mboga hadi nyuzinyuzi zao zikapanda kutoka takriban gramu 14 kwa siku hadi 55. Waafrika Kusini wakalishwa baga na chipsi hadi zao zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12. Katika wiki 2 tu, bakteria wa Wamarekani waliongeza utengenezaji wa butireti, asidi inayolisha seli za ukuta wa utumbo mpana na kuzituliza, na dalili za mchochota, yaani kuwaka kwa tishu, kwenye ukuta huo zikapungua. Kwa Waafrika Kusini mambo yalienda kinyume. Hakuna aliyetolewa wala kurudishiwa kidole tumbo katika jaribio hilo. Kilichobadilika ni sahani.

Hapo ndipo unapata jibu la unga wako. Hakuna unga wala kidonge cha bakteria kilichothibitishwa kuzuia saratani ya utumbo, kwa aliyepasuliwa wala kwa asiyepasuliwa. Gesi unayoisikia haitokani na vifo vya bakteria. Hutokana na bakteria walio hai wanaochachusha kitu ambacho tumbo halikukizoea. Uache. Shilingi 4,500 kwa mwezi ni shilingi 54,000 kwa mwaka, na kwa fedha hizo familia ya Umoja hula maharagwe, ndengu, njugu mawe, wimbi, nduma na managu mpaka ichoke. Githeri ya mahindi yasiyokobolewa ina nyuzinyuzi ambazo ugali wa unga mweupe wa pakiti umepokonywa. Ongeza vyakula hivyo pole pole na maji ya kutosha, la sivyo gesi itarudi na utaninung'unikia mimi badala ya muuzaji. Smokie na soseji ziwe za nadra: mwaka wa 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, likieleza kwamba gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Na antibiotiki za kununua kwenye duka la dawa bila kuandikiwa, kila mtoto anapokohoa, huwavuruga bakteria wa tumbo kwa njia ambayo hatuhitaji utafiti wa Hong Kong wala Taiwan kuithibitisha.

Kuhusu kitinda mimba wako nitasema kwa ufupi. Usikatae. Kidole tumbo kilichowaka kikipasuka humwaga usaha na kinyesi ndani ya tumbo, na hilo lisipotibiwa linaweza kuua ndani ya siku chache, ilhali hatari tunayoijadili hapa ni ndogo, haijathibitishwa, na ikiwepo ni ya miaka mingi ijayo. Ni kweli kwamba siku hizi baadhi ya wagonjwa hutibiwa kwa antibiotiki bila kupasuliwa. Katika jaribio kubwa la Marekani lililotolewa mwaka wa 2020, lenye watu wazima 1,552, takriban 3 kati ya kila 10 waliopewa antibiotiki walilazimika kupasuliwa ndani ya siku 90, na wale waliokuwa na kijiwe kilichoganda ndani ya kidole tumbo walikuwa 4 kati ya 10. Uamuzi huo ni wa daktari aliyemshika mtoto tumbo na kuona picha yake, siku hiyo, pamoja nawe. Usiufanye leo ukiwa na hofu ya sauti ya WhatsApp.

Sasa turudi kwenye zile sentensi chache.

Umeandika kwamba saratani ya babako haihusiani na jambo lako kwa sababu yeye hakupasuliwa. Dada yangu, hapo umeigeuza ramani juu chini. Mzazi aliyepata saratani hii ni jambo zito katika historia yako kuliko kidole tumbo kilichotupwa mwaka wa 2012, na halihitaji utafiti mpya kuaminiwa. Kwa watu wasio na historia ya familia, wataalamu wa Marekani walishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka wa 2021. Kwa mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake aliugua, ushauri wa kawaida ni kuanza akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao jamaa huyo aligunduliwa nao, kutegemea kipi kinatangulia. Babako alifariki akiwa na miaka 52, kwa hiyo aligunduliwa akiwa na umri huo au mdogo zaidi. Kwa hesabu yoyote, ulipaswa kuwa umeanza, hata kama usingekuwa na dalili moja.

Nawe unazo. Damu kwenye karatasi huenda kweli ikawa ya bawasiri, na kwa wanawake wengi waliozaa huwa ni hiyo. Lakini bawasiri haimkingi mtu na kitu kingine kilicho juu yake, na mimi nimewaona wagonjwa waliotembea na neno hilo miaka mitatu, wakijipaka krimu, bila mtu kuwachunguza hata kwa kidole kilichovaa glavu. Nani alikuambia ni bawasiri? Kama ni muuguzi wa kliniki ya wajawazito wakati wa kitinda mimba, basi jibu hilo lina umri wa miaka 12. Na zile ngazi: uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo mpana unaweza kuvuja damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho hadi mtu akapungukiwa na damu, na dalili ya kwanza ikawa ni kuhema kwenye orofa ya tatu. Hedhi nzito katika umri wako huleta hali hiyohiyo, na minyoo pia. Sikutajii haya ili nikuongezee usiku mwingine bila usingizi. Nakutajia kwa sababu kipimo cha hemoglobini huchukua dakika chache katika kituo chochote cha afya mtaani kwenu, na kesho si mapema mno.

Utakapofika, usianze na habari za kidole tumbo. Mwambie daktari: babangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 52, mimi nina 44, ninaona damu chooni tangu muda fulani, na nimeanza kuchoka. Ukisema hivyo kwa mpangilio huo, atajua la kufanya. Kidole tumbo kitaje baadaye, kama sehemu ya historia ya upasuaji. Ukipewa kipimo cha kutafuta damu iliyofichika kwenye choo na kikawa safi, usiridhike nacho, kwani hicho ni cha kumchuja mtu asiye na dalili. Wewe omba rufaa ya kupimwa kwa kamera, inayofanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na hospitali nyingine kadhaa za Nairobi, na uulize mapema SHA, yaani bima ya afya ya serikali, itagharimia kiasi gani.

Kinachowatisha watu katika kipimo hicho ni mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya haja kubwa, ingawa kwa kawaida hupewa dawa ya kusinzia na wengi huamka wakiuliza kama kazi imeanza. Taabu yenyewe ni usiku uliotangulia. Utakunywa lita kadhaa za dawa yenye ladha ya chumvi na kushinda chooni hadi kinachotoka kiwe maji ya manjano mepesi, kama chai ya rangi iliyoongezwa maji mara tatu. Panga usiku huo ambao watoto hawatagombea choo nawe. Daktari akiona polipu, yaani kinundu kidogo kwenye ukuta wa utumbo, kwa kawaida hukikata hapohapo. Kinundu cha aina hiyo huchukua takriban miaka 10 kugeuka saratani, na wengi wa walio navyo hawafiki huko kabisa, kwa hiyo kipimo hiki hakigundui ugonjwa tu, huung'oa kabla haujawa ugonjwa.

Nduguzo mliozaliwa na baba mmoja wanahitaji kusikia jambo hili pia, wakiwemo wasiowahi kupasuliwa chochote. Ukipata majibu ya damu niandikie, na unitajie mko wangapi, kila mmoja ana umri gani, na kama kuna shangazi au ami aliyeugua kama baba, maana jibu la swali hilo ndilo litakaloniambia kama wanao nao waanze kuhesabu miaka mapema zaidi.